Si kila ukuta mnene ni wa Mjerumani: majengo makongwe ya Dar es Salaam

Simama kwenye kona ya Barabara ya Morogoro na Sokoine Drive, uipe mgongo bahari na abiria wanaokimbilia boti za Zanzibar. Mbele yako kuna jengo jeupe lenye kuta nene, paa la bapa lililozungushiwa meno kama ya ngome, na mlango wa mbao uliochongwa nakshi. Muulize mpita njia yeyote ni la nani. Mara nyingi jibu litakuwa moja: la Mjerumani hilo.

Jina ndilo linalompoteza. Jengo linaitwa Boma la Kale, na kwa watu wengi boma ni ofisi ya mkoloni. Lakini jengo hili lilisimamishwa mwaka 1866 na 1867 na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, ili wageni wa kasri lake lililokuwa jirani wapate pa kufikia. Wajerumani walikuwa bado sana. Walifungua kituo chao hapa mwaka 1887, na makao makuu ya koloni wakayahamisha kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Nakshi ya mlango peke yake ingetosha kumshtua mtu: ni mlango wa Kizanzibari, wa aina unayoukuta Mji Mkongwe.

Ukitaka ushahidi usiobishaniwa, ingia ndani uangalie dari. Utaona boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu, juu yake mawe ya matumbawe yaliyoshindiliwa kwa chokaa. Boriti ya mkoko inayofaa kubeba dari haizidi sana mita 3, kwa hiyo vyumba vya majengo haya ni virefu na vyembamba, kama korido zilizowekewa milango. Huo si mtindo uliopendwa tu. Urefu wa mti ndio uliopanga nyumba. Wajerumani nao walianza kwa kujenga na matumbawe, ndiyo maana ukuta pekee haukuambii kitu. Walipoleta mihimili ya chuma na zege, vyumba vikapanuka.

Majid alifariki mwaka 1870 mji wake haujakamilika, na ndugu yake Barghash, aliyerithi kiti, hakuushughulikia sana. Kasri halipo tena. Kilichobaki cha wakati ule ni kidogo kiasi cha kuhesabika kwa vidole, na kimojawapo kina jina linalopoteza watu kuliko hata boma.

Hicho ni Atiman House, hapo hapo Sokoine Drive. Wengi hudhani Atiman ndiye aliyeijenga, au angalau aliishi humo, pengine tajiri fulani wa zamani. La hasha. Nyumba ni ya miaka ile ile ya Majid, na baadaye ikawa ya mapadre wa White Fathers, ambao waliipa jina la Adrien Atiman ili kumuenzi. Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta, kisha mwaka 1889 akafika Karema, pembezoni mwa Ziwa Tanganyika. Alitibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa ng'ambo ya pili ya nchi. Binafsi naona ni mojawapo ya majina yenye heshima kubwa kuwahi kubandikwa kwenye jengo mjini, lakini historia ya ukuta ni moja na historia ya jina ni nyingine.

Kosa la tatu ni kusoma umri kwa matao. Ukiona tao na kuba, basi Mwarabu. Ukiona mnara uliochongoka, basi Mzungu. Kwa makanisa ya ufukweni, Azania Front na Mtakatifu Yosefu, kanuni hiyo inafanya kazi: yote mawili yalianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1890, enzi ya Mjerumani. Ikifika Ocean Road inagonga mwamba. Hospitali ile yenye kuba, ambayo mgeni angeapa ni ya Sultani, ni ya Wajerumani na ilikamilika mwaka 1897.

Ikulu ndiyo inayochanganya zaidi. Wapo wanaoamini ni kasri la Sultani, wapo wanaoamini ni nyumba ya gavana wa Kijerumani kama ilivyoachwa. Nyumba ya gavana ilikuwapo pale kweli, lakini mwaka 1914 meli za kivita za Uingereza ziliipiga mizinga ikabaki gofu. Waingereza wakaja kuijenga upya juu ya mabaki yake mwaka 1922, na ndio waliotia matao yale yenye sura ya Kizanzibari. Kwa umri, basi, sura tunayoiona leo ni changa kuliko makanisa yote mawili.

Halafu kuna imani kwamba kikongwe kuliko vyote lazima kiwe Posta, yaani katikati ya mji. Panda gari la njia ya Bagamoyo, shuka Kunduchi, uingie kwenye mibuyu. Humo mna magofu ya msikiti uliokuwa umesimama karne kadhaa kabla Majid hajazaliwa, na makaburi ya karne ya 18 yenye nguzo zilizopachikwa vyombo vya kauri kutoka China. Utasema gofu si jengo, na hoja hiyo ina uzito. Ila anayesema Dar es Salaam ilianza mwaka 1862 au 1866 anazungumzia mji wa Sultani tu. Watu walikuwa wakiswali, wakizika na kufanya biashara ya bahari ndani ya eneo ambalo leo ni jiji, muda mrefu kabla ya hapo.

Kunduchi inatupeleka kwenye dhana nyingine, kwamba jengo likizeeka sheria inalilinda lenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ina mstari wake: inayolindwa moja kwa moja ni majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Msikiti wa Kunduchi umo. Boma la Kale limeukosa mstari kwa miaka michache tu! Jengo la umri huo, sawa na yale yote ya Kijerumani, hulindwa pale Waziri anapolitangaza kwenye Gazeti la Serikali. Lisilotangazwa, hata likiwa na miaka 120, mwenye kiwanja akitaka kuweka mnara wa vioo hana kizuizi hicho mbele yake.

Na hata lililolindwa linaweza kuuawa na fundi mwenye nia njema. Ukuta ukianza kumomonyoka, linalomjia mtu haraka ni kuupiga lipu ya saruji ili uwe imara. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua: hunyonya unyevu wa ardhi na wa bahari, kisha huutoa nje polepole. Saruji huziba njia hiyo. Maji hubaki ndani pamoja na chumvi, chokaa inayoshika mawe hulegea, na masika yakipita mara kadhaa lipu hubabuka kwa mapande ikiondoka na jiwe lenyewe. Dawa yake ni chokaa kwa chokaa, kama walivyofanya waliojenga. Ukipita Sokoine Drive, gonga kwa kifundo cha kidole palipotiwa kiraka cha kijivu. Pakilia kama mtungi mtupu, lipu imeshaachana na ukuta.