Riwaya za Slough House hazisomwi ovyo ovyo

Kwa kuwa riwaya hizi za kijasusi za mwandishi Mwingereza Mick Herron zinachekesha, wengi hudhani unaweza kuokota yoyote ukaanza, kama vichekesho vya gazetini. Sivyo. Majasusi wa MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, walioboronga kazi hutupwa Slough House, jengo chakavu la Aldersgate Street, London (si mji wa Slough, ingawa jina linadanganya), chini ya Jackson Lamb, bosi mchafu mwenye ulimi wa sumu. Lakini humo watu hufa kwelikweli, na hawarudi. Ukianza na London Rules (2018), utakuta pengo la mtu ambaye hukuwahi kumjua, na kejeli ya Lamb juu yake itakupita.

Anza na Slow Horses (2010), kisha Dead Lions (2013), Real Tigers (2016) na Spook Street (2017). Usiruke kurasa za mwanzo hata zikienda polepole: katika Dead Lions, paka wa kuwaziwa anapanda ngazi chumba kwa chumba, na kila mhusika anaanikwa kwa namna anavyompokea. Tamthilia ya runinga iliyotokana na riwaya hizi ni nzuri, ila sauti ya msimulizi, ambamo nusu ya utani umo, imebaki vitabuni.