Kabla ya kuiamini picha kubwa ya hadubini

Anayechunguza malaria kwenye kondo la nyuma ana mahitaji mawili yanayovutana. Seli nyekundu ya damu ina upana wa mikromita saba au nane tu, kwa hiyo bila lenzi yenye nguvu hutakiona kimelea kilicho ndani yake. Lakini vimelea vya Plasmodium falciparum hujazana kwenye kondo kwa kujishikiza kwenye kondroitini salfeti A, aina ya sukari ndefu iliyo kwenye tishu za kondo, jambo ambalo watafiti Michal Fried na Patrick Duffy walilionyesha mwaka 1996, na ukitazama sehemu moja tu ya tishu huwezi kujua hali ya sehemu nyingine. Unahitaji kuona seli moja moja, na papo hapo kuona tishu nzima.

Njia ni kupiga picha nyingi ndogo na kuziunga kuwa moja kubwa. Tufanye hesabu. Lenzi ya mara 40 na kamera ya pikseli 2,048 kwa 2,048, kila pikseli ikiwa na mikromita 6.5, huona mraba wenye upande wa theluthi moja ya milimita. Kipande cha kondo cha milimita 15 kwa 15, picha zikilaliana kwa asilimia 10, kitadai picha 50 kwa 50, yaani 2,500.

Wengi hudhani kazi iliyobaki ni kuzipanga tu, kwa kuwa mota inayosogeza meza ya hadubini inajua ilipofika. Haijui vizuri hivyo. Gia zina ulegevu wake, na kwa ukuzaji huu kosa la mikromita mbili tu ni pikseli 12: kiini cha seli kimekatwa na nusu yake imehama. Ndiyo sababu tunazilalisha picha kama fundi anavyolalisha bati juu ya bati, ili kila mpaka uwe na ukanda uliopigwa mara mbili, na kompyuta itafute namna kanda hizo mbili zinavyooana.

Mbinu inayotumika sana ilielezwa na Kuglin na Hines mwaka 1975. Hesabu za Fourier huivunja picha kuwa mawimbi; picha ikisogezwa, kinachobadilika ni awamu za mawimbi hayo, yaani mahali kila wimbi linapoanzia, si kimo cha mawimbi. Ukilinganisha awamu za picha mbili kisha ukarudisha hesabu nyuma, unapata picha nyeusi yenye nukta moja angavu. Mahali ilipo nukta ndipo penye jibu la umbali uliosogea. Ni mbinu ya haraka sana, nami bado naiona nzuri ajabu.

Ila inadanganyika. Punje ya vumbi iliyoganda kwenye kamera hubaki pikseli ileile katika kila picha. Ukilinganisha picha nzima kwa nzima, hasa mahali ambapo tishu ni chache, kompyuta hulishika vumbi na kutangaza kwamba hakuna kilichosogea. Piga picha ya sehemu tupu ya kioo, kisha gawanya kila picha kwa hiyo: vumbi linaondoka, pamoja na ule weusi wa pembeni unaofanya picha iliyoungwa ionekane kama sakafu ya vigae. Kama huna picha tupu, programu ya BaSiC, iliyotoka mwaka 2017, huukadiria mwanga kutokana na picha zenyewe. Hatua hii hutangulia kuunga. Haifuati.

Halafu kuna makosa yanayolimbikizana. Ukiunga ya pili kwenye ya kwanza, ya tatu kwenye ya pili, hadi mwisho, unahitaji viungo 2,499 tu, na kila kosa dogo linarithiwa na picha zinazofuata. Lakini picha hizo zina mipaka 4,900 inayolaliana. Preibisch, Saalfeld na Tomancak walipochapisha mbinu yao mwaka 2009, ambayo sasa imo ndani ya Fiji, programu ya kuchakata picha za kisayansi, waliitumia mipaka yote kwa pamoja: kila picha inatafutiwa mahali panapopunguza ugomvi na majirani zake wote, na viungo visivyopatana na vingine vinatupwa.

Kuhusu kulainisha mishono, yaani mahali picha zinapoungana, nina msimamo mkali kidogo. Kuchanganya rangi polepole penye mpaka hupendeza kwenye bango la mkutano, lakini huficha kosa, na mpangilio ukiwa umekosea kidogo kiini kimoja hugeuka viwili vilivyofifia. Programu ya kuhesabu seli itavihesabu vyote viwili. Mimi huzima ulainishaji kwanza, nikaipitia mishono kwa macho, na vipimo vya ukolezi wa rangi navichukua kwenye picha za awali zilizosahihishwa mwanga, kisha nahamishia majibu kwenye ramani kubwa na kuondoa seli zilizohesabiwa mara mbili.

Picha 2,500 za rangi hula takriban gigabaiti 31, na faili la picha la aina ya TIFF ya kawaida halivuki gigabaiti 4. Hifadhi kwa OME-TIFF, aina ya TIFF iliyoundwa kwa picha za hadubini, yenye ngazi za ukubwa tofauti, ili anayeifungua apakie sehemu anayoitazama tu. Picha za awali usizifute, wala faili la maandishi lenye nafasi za kila picha. Faili hilo ni dogo mno, na bila hilo mtu mwingine atalazimika kuanza kuunga upya.