Supu ya Utumbo Iliyolala: Maswali Ninayoulizwa Kila Jumatatu

Mimi ni muuguzi wa zahanati. Jumatatu asubuhi benchi letu la nje hujaa watu waliojishika matumbo, na nikiuliza walikula nini, mara nyingi nasikia hadithi ile ile: Jumamosi usiku walipika ndizi utumbo za kutosha, zikabaki, zikalala jikoni, Jumapili zikapashwa moto zikaliwa. Nayaweka hapa maswali wanayoniuliza, ndugu zangu, kwa sababu nimechoka kuona watoto wakiumwa kwa jambo linaloepukika.

Utumbo wenyewe una ubaya gani?

Hauna ubaya. Una protini nyingi na wengi wetu tunaumudu. Ila kumbuka ulikuwa umebeba nyasi na kinyesi, kwa hiyo bakteria wamo tangu buchani. Taulo, ile sehemu yenye manyoya manyoya, likwangue kwa kisu. Kitabu, ile sehemu yenye mikunjo kama kurasa, kifungue ukurasa kwa ukurasa chini ya maji, maana uchafu wa kijani hujificha katikati. Maji yakiwa bado ya kijani, hujamaliza. Kisha uchemshe kwa chumvi na ndimu kama dakika 10, mwaga maji hayo, weka mapya na tangawizi na kitunguu saumu, uuache uchemke mpaka uwe laini. Kwenye mkaa ni saa 2 hadi 3. Karai, kisu na ubao uliotumia uoshe kwa sabuni kabla hujakata kachumbari. Na wale wanaosema utumbo ukioshwa sana unapoteza ladha, naomba waache. Ladha ya mavi haihitajiki kwenye supu ya mtu.

Unaleta gauti?

Hausababishi peke yake, lakini mwenye gauti tayari asiushabikie.

Sufuria ikilala jikoni imefunikwa vizuri, asubuhi nikaichemsha tena, si vijidudu vyote vimekufa?

Hapana. Hili ndilo swali lililonifanya niandike.

Wako bakteria wanaoishi ndani ya matumbo ya wanyama ambao hali ikiwa ngumu hujifungia kwenye ganda gumu, mfano wa mbegu. Kuchemsha kwa kawaida hakuliui ganda hilo. Ukizima jiko, sufuria kubwa yenye mchuzi mzito hupoa polepole sana. Tia kijiko katikati baada ya saa kadhaa utakuta bado kuna uvuguvugu. Uvuguvugu huo ndio wanaoutaka. Wanatoka kwenye ganda na kuzaana usiku kucha. Wako wengine wanaotoka kwenye vidole na vidonda vyetu tunapoonja na kurudisha mwiko sufuriani. Hao wanaacha sumu ndani ya mchuzi, na sumu hiyo haiuawi na moto. Unaua bakteria, sumu inabaki, unaila.

Kwa hiyo narudia: kuchemsha tena hakusafishi chakula kilicholala nje. Uchemshe dakika 5 au saa nzima, jibu langu ni hilo hilo.

Lakini hainuki na haijachacha.

Hapana tena. Chakula chenye sumu hii kinaweza kunukia tangawizi kama jana. Mama mmoja aliniletea sufuria yenyewe nione kwamba ni nzima: mafuta yameganda juu, meupe, safi kabisa, huku mwanawe analegea mgongoni.

Mbona bibi alikuwa analaza chungu na hatukuumwa?

Chungu cha bibi kilikaa juu ya mafiga, na makaa ya kuni hayakuzimwa. Chakula kikibaki cha moto kabisa, juu ya nyuzi 60, bakteria hawazaliani. Wewe unazima gesi na kwenda kulala.

Basi nifanyeje na kinachobaki?

Kisikae nje zaidi ya saa 2. Kigawe kwenye vibakuli vidogo, viweke ndani ya karai la maji baridi vipoe haraka, kisha friji. Siku ya kula, pasha mpaka kitokote, na upashe kiasi cha kuliwa tu. Huna friji, au umeme kwenu unakatika kila jioni? Nunua nusu kilo badala ya kilo mbili. Kiishe siku hiyo hiyo.

Mtoto ameanza kuharisha. Nimnyime maji ili kukauke?

Usithubutu, mama yangu. Anachopoteza ni maji na chumvi, na ukimnyima unamkausha wewe. Mpe ORS, dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, pakiti iliyochanganywa kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, kijiko kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 uanze tena taratibu. Anayenyonya aendelee kunyonya. Uliza zahanati kuhusu vidonge vya zinki. Usikimbilie dukani kununua antibiotiki ya Flagyl. Kwa sumu ya chakula haisaidii, na inakupotezea siku ambayo ungekuwa umeshafika kwetu.

Nije lini?

Njoo leo, usingoje kesho, ukiona macho yamezama, analia bila machozi, hakojoi, amelegea, anatapika kila anachokunywa, au kuna damu kwenye choo. Finya ngozi ya tumbo lake kidogo uiachie: ikirudi polepole, beba mtoto uje hata kama ni usiku. Mtu mzima anayeharisha mfululizo akasikia kizunguzungu kila akisimama, naye aje.

Na supu iliyobaki sufuriani?

Imwage. Najua bei ya utumbo na ya mkaa, mimi pia napika. Imwage, na usimpe jirani.