Injini ikizima angani: yanayosemwa na yanayokutwa kwenye mabaki

Ndege ikianguka leo, kesho mtaani jibu limeshapatikana: "Injini ilizima." Mara nyingine ni kweli. Ila kwa wachunguzi hilo bado ni swali tu: ilizimwa na nini?

Tuanze na lile linalowatisha abiria, kwamba injini zikizima ndege hudondoka kama jiwe. Sivyo. Mabawa bado yanaibeba, nayo hushuka taratibu huku ikisonga mbele. Agosti 2001, Airbus A330 ya Air Transat iliishiwa mafuta juu ya Atlantiki. Injini zote mbili zikiwa kimya, ilielea kwa takriban dakika 19 hadi visiwa vya Azores, na watu wote 306 wakapona. Injini zenyewe hazikuwa na ubovu. Mafundi walikuwa wamebadilisha ile ya kulia na kufunga bomba la haidroliki (mfumo wa kimiminika chenye shinikizo unaosukuma vidhibiti vya ndege) lisilolingana nayo, likasugua bomba la mafuta hadi likatoboka.

"Kipande kilichovunjika kikipatikana, chanzo kimepatikana." Hii ndiyo dhana inayonikera zaidi, maana hata watu wa ndege huirudia. Tarehe 19 Julai 1989, diski ya feni (gurudumu linaloshika mapanga ya feni) ya injini ya mkiani ilipasuka kwenye ndege aina ya DC-10 ya shirika la United iliyokuwa ikitoka Denver kwenda Chicago. Vipande vilikata mifumo yote mitatu ya haidroliki, na ndege ikaanguka ilipojaribu kutua Sioux City, Iowa. Kati ya watu 296, walikufa 112. Sehemu kubwa ya diski ilipatikana miezi kama mitatu baadaye, katika shamba la mahindi wakati wa mavuno.

Kwa kujua tu kwamba diski ilipasuka, ungeweza kumlaumu mtengenezaji na kufunga jalada. Maabara ilirudi nyuma zaidi. Ufa ulianzia kwenye kasoro ndogo iliyobaki ndani ya titani, metali ya diski hiyo, tangu ilipoyeyushwa kiwandani, ukakua kidogo kidogo kwa miaka. Halafu likaja jambo zito: alama kwenye ufa zilionyesha kwamba ulikuwepo tayari, tena wa ukubwa wa kuonekana, diski ilipokaguliwa mara ya mwisho. Ripoti ya NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ya mwaka 1990 ikaelekeza kidole kwenye ukaguzi huo na jinsi ulivyopuuza mipaka ya jicho la binadamu.

Wengine huamini rubani hawezi kukosea injini iliyoharibika. Kegworth, Uingereza, Januari 1989: injini ya kushoto ya Boeing 737-400 ilivunjika panga la feni, marubani wakazima ya kulia, iliyokuwa nzima. Mtikisiko ukapungua, nao wakaona wamepatia. Walikufa watu 47.

Kwenye ndege ndogo za pistoni watu hudhani kisanduku cheusi kitasema yote. Nyingi hazina kabisa. Hapo mabaki ndiyo shahidi. Propela iliyokuwa ikizungushwa kwa nguvu ya injini hupinda na kujisokota tofauti na iliyosimama. Hata balbu za taa za tahadhari hukaguliwa: waya wa balbu iliyokuwa ikiwaka hulainika na kunyooka kwa kishindo, ule wa baridi hukatika kavu. Na injini ikikutwa nzima kabisa, plagi safi, mafuta yamo? Huenda ni barafu kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Huganda hata hewa ikiwa ya nyuzi joto 20 na zaidi, mradi ina unyevunyevu mwingi, kwa kuwa petroli inayogeuka mvuke huipoza sana. Kabla mchunguzi hajafika imeshayeyuka, akabaki kuhoji hali ya hewa na namna rubani alivyoendesha.

Manung'uniko mengine ni kwamba mtengenezaji wa injini akiingia kwenye uchunguzi, ukweli utafichwa. Wasiwasi huo una mantiki, lakini kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, katika Kiambatisho cha 13 kuhusu uchunguzi wa ajali, huiruhusu nchi iliyotengeneza injini kushiriki kupitia mwakilishi, naye huja na wataalamu wa kiwanda kama washauri. Nani mwingine ana michoro ya kila skrubu? Anayeongoza kazi ni mamlaka ya nchi ilikotokea ajali, na kwa kanuni hizo hizo lengo lake ni kuzuia ajali nyingine. Kutafuta wa kulaumiwa ni kazi ya mahakama.