Je, wajua kwa nini ribiti ya ndege, yaani pini fupi ya kuunganishia mabati, ikipigwa vibaya mara nyingi huachwa ilipo?

Marekani kuna maelfu ya ndege ndogo zilizoundwa na wenyewe gerejini. Mamlaka ya anga ya huko, FAA, inaziruhusu ziruke iwapo sehemu kubwa ya kazi imefanywa na mtu anayeunda kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha. Nyingi ni za bati la alumini, na wajenzi wengi hununua seti ya vipande kutoka Van's Aircraft, kampuni ya jimbo la Oregon iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973. Ndege moja hula maelfu ya ribiti. Kwa kawaida mtu mmoja hushika nyundo ya upepo, mwenzake hukinga upande wa pili kwa kipande kizito cha chuma.

Katika maelfu hayo, mbaya hazikosi. Moja imelala upande, nyingine imepondwa ikawa kama sarafu, nyingine ina alama ya mwezi mwandamo kichwani kwa sababu nyundo iliteleza. Watu wengi huona jibu ni moja tu: hii ni ndege, basi kila ribiti yenye kasoro itolewe, ipigwe mpya. Inasikika kama busara, tena busara ya usalama. Lakini mafundi wazoefu humwambia mgeni wa kazi hii aweke drili chini kwanza, apime, na pengine aiache ribiti hiyo palepale.

Kosa la dhana hiyo ni kudhani kwamba nguvu ya ribiti iko kwenye kichwa, yaani sehemu tunayoiona. Katika maungio mengi ya ndege, mabati mawili hujaribu kuteleza moja juu ya jingine, na kinachoyazuia ni shina la ribiti lililo ndani ya tundu. Ribiti ya inchi 1/8, karibu milimita 3.2, huingia kwenye tundu linaloizidi kwa chini ya milimita 0.1. Ikipigwa, shina hunenepa kabla kichwa cha pili, kile kinachoumbwa na pigo kwenye ncha ya shina, hakijamaliza kuumbika, likajaza tundu lote. Wahandisi hukadiria nguvu yake kwa kipenyo cha tundu lililojazwa. Ribiti moja ya ukubwa huo, ya aloi ya kawaida ya alumini iitwayo 2117, huhitaji mzigo wa zaidi ya kilo 170 ndipo ikatike. Kwa hiyo kichwa cha pili kilichopinda kidogo kinaweza kuwa kibaya machoni huku shina lake likifanya kazi yote inayotakiwa.

Hata kama shina hilo ni dhaifu kidogo, haliko peke yake. Fikiria watu ishirini wanaovuta jahazi kulipandisha ufukweni kwa kamba moja. Mmoja mkono wake umelegea. Jahazi linapanda vilevile, kwa sababu wa mbele yake na wa nyuma yake wanaongeza kidogo. Sasa mtu akija kumtoa yule mlegevu kwa kisu, akakata na nyuzi za kamba pale alipokuwa ameshika, atakayekuja badala yake hata awe na nguvu namna gani atashika kamba iliyopunguzwa. Ribiti ni yule mvutaji, na bati ni kamba. Mvutaji hubadilishwa kwa senti chache. Kamba ndiyo bawa lenyewe.

Mfano huo una mpaka wake. Katika safu ya ribiti, zile za mwisho hubeba zaidi kuliko za katikati, na kwenye mhimili mkuu wa bawa hakuna kubahatisha: hapo mjenzi humwuliza aliyebuni ndege. Ninachokieleza kinahusu zaidi ngozi ya nje na mbavu zilizo chini yake, ambako ribiti ni nyingi na zimekaribiana.

Drili hulidhuru bati kwa urahisi sana. Bati lenyewe mara nyingi lina unene wa chini ya milimita moja. Ncha ikiyumba kidogo, tundu la duara linakuwa la yai, na ribiti mpya ya ukubwa uleule haitalijaza vizuri. Basi mjenzi anapanda ukubwa, kutoka milimita 2.4 hadi 3.2. Hapo hesabu nyingine inaanza: katikati ya tundu inatakiwa iwe mbali na ukingo wa bati kwa angalau mara mbili ya kipenyo cha ribiti. Tundu lililokuwa milimita 5 kutoka ukingoni lilikuwa halali kwa ribiti ndogo, maana lilihitaji 4.8. Kwa ribiti kubwa linahitaji 6.4.

Na tundu ndipo nyufa hupenda kuanzia. Mwaka 1988 Boeing 737 ya Aloha Airlines ilipasuka sehemu ya paa angani huko Hawaii, mhudumu mmoja akafariki. Nyufa za uchovu wa metali zilikuwa zimeanzia kwenye matundu ya ribiti na kuungana. Mwaka 2023 Van's wenyewe walitangaza kwamba baadhi ya vipande ambavyo matundu yake yalikatwa kwa leza vilikuwa vikipata nyufa pale matundu yalipobonyezwa ili vichwa bapa vikae. Ribiti hazikuwa na kosa.

Zipo kasoro zisizoachwa. Ribiti inayocheza haiachwi. Shina likinenepa katikati ya mabati mawili yaliyoachana, halibani tena. Kichwa kilicholala hadi tundu likaonekana, au ufa kwenye bati, havisamehewi. Iliyopigwa kidogo ndiyo nafuu kuliko zote, huongezwa pigo tu. Kipimo ni rahisi: kichwa cha pili kiwe na upana wa karibu mara 1.5 ya kipenyo cha shina, na urefu wa nusu yake. Kwa ribiti ya milimita 3.2, hiyo ni 4.8 kwa 1.6.

Ikibidi kutoa, kazi huanzia kichwa cha kiwandani. Kile cha mviringo cha aloi hii kina kishimo katikati, kinachosaidia kuweka ncha. Drili huingia kina cha kichwa tu, kichwa kikavunjwa kwa kuchokonolewa na kipande chembamba cha chuma, kisha shina hugongwa taratibu huku bati likiwa limekingwa nyuma. Likigoma, hutobolewa katikati kwa ncha ndogo ili unene wake upate pa kunywea. Na kwa tundu lililokwisha kuharibika ipo ribiti ninayoipenda kwa akili iliyotumika kuibuni, NAS1097: shina la milimita 3.2 chini ya kichwa bapa kidogo, ambacho hukaa kwenye kibonyeo kilichotengenezwa kwa ribiti ya 2.4. Tundu linapanuliwa, kibonyeo hakiguswi. Kichwa kidogo hakihimili sana mvuto wa kung'oa, lakini kwa mabati yanayotaka kuteleza shina ni nene kuliko la mwanzo. Umbali wa 6.4 kutoka ukingoni bado unadaiwa.