Kabla ya kuomba mbegu, ijue jenasi yake

Anayeomba mbegu za kienyeji huja na jina la sokoni: kunde, choroko, njugu mawe, fiwi. Pale soko la Mgandini, Tanga, jina hilo latosha kabisa. Kwetu tunaoshughulika na nasaba za mimea halitoshi, maana jina la jenasi, yaani kundi la spishi zenye nasaba ya karibu, ndilo linaloamua ni karatasi gani zitafuatana na pakiti ya mbegu.

Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Kijenetiki za Mimea kwa Chakula na Kilimo, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2004. Ndani yake mna orodha ya mazao 35 ya chakula na 29 ya malisho ambayo nchi wanachama zimekubaliana kugawiana kwa masharti yaleyale. Zao likiwa humo, na mbegu yake iko benki ya taifa ya mbegu kule Arusha kama mali ya umma, hutoka kwa makubaliano sanifu ambayo hayajadiliwi upya kila anapotokea mwombaji. Zao lisipokuwamo, mnakaa kitako kupatana masharti tangu mwanzo, na aliyewahi kusubiri barua ya namna hiyo anajua ninachosema.

Sasa tazama mstari wa kunde katika orodha hiyo. Pameandikwa Vigna, basi. Neno moja linazoa kunde (Vigna unguiculata), choroko (Vigna radiata), njugu mawe (Vigna subterranea) na ndugu zao wa porini.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Choroko iliwahi kuhesabiwa Phaseolus, ukoo mmoja na maharage. Njugu mawe ilikuwa na jenasi yake peke yake, Voandzeia, hadi mwaka 1980 Bernard Verdcourt, mtaalamu aliyeichambua sana mimea ya Afrika Mashariki, alipoihamishia Vigna. Voandzeia haimo katika orodha ya mkataba. Kwa hiyo ile njugu ya bibi yako inasafiri leo kwa tiketi ya kunde.

Wengine hudhani uhamisho kama huu ni wa mezani tu. Chuma ua la maharage na ua la kunde, asubuhi mapema maana la kunde hufunga jua likipanda. Ondoa petali kubwa ya nyuma, kisha mbawa mbili za pembeni. Zinabaki petali mbili za chini zilizoungana, zinazoficha viungo vya uzazi. Katika kunde zimepinda kama mkuku wa mashua. Katika maharage zimejisokota mzunguko mzima na zaidi. Halafu tazama vijani vidogo kwenye kitako cha kikonyo cha jani: vya kunde vina ncha inayoshuka chini ya pale viliposhikilia shina. Ukitaka ushahidi wa tatu, bandika jani la maharage kwenye shati. Linang'ang'ania, kwa sababu vinyweleo vyake vina ndoano. Vya Vigna havina.

Lakini kuwa jenasi moja si hati ya ndoa. Watafiti wamehangaika miaka na miaka kuichavusha kunde na Vigna vexillata, ndugu yake mwenye ukinzani mzuri wa wadudu, wakagonga mwamba.

Muhogo ndio unaonikera. Mstari wake unasema Manihot esculenta tu. Ndugu zake wote wameachwa nje ya mlango. Mtu wa mkoa huu wa Tanga akisoma hapo lazima aguse kichwa. Kuanzia miaka ya 1930 pale kituo cha utafiti cha Amani, Muheza, watafiti Storey na baada yake Nichols na Jennings waliuzalisha muhogo na Manihot glaziovii, ule mti wa mpira ulioletwa kupandwa mashambani enzi za Wajerumani, wakitafuta ukinzani wa magonjwa mawili ya muhogo, batobato na michirizi ya kahawia. Uzao wa kwanza mizizi yake hailiki vizuri, basi wakaurudisha kwa muhogo tena na tena mpaka ladha na ukubwa vikarejea huku ukinzani ukibaki. Miaka ya 1950 mbegu za uzao uliopewa namba 5318/34 zikapelekwa Nigeria, huko likachaguliwa chotara lenye namba 58308, na damu yake imo katika aina nyingi za muhogo zinazolimwa leo Afrika.

Yaani mti uliotoa ukinzani huo, mkataba hauutambui kama ndugu wa muhogo. Orodha ilitokana na majadiliano ya serikali, wanabotania hawakuachiwa kalamu. Kwa maoni yangu mstari huo ungeandikwa Manihot na kuishia hapo.

Nyanya nayo isikudanganye. Sasa ni Solanum, na Solanum imetajwa kwa viazi mviringo na bilinganya, lakini nyanya yenyewe haimo.

Ukiomba, andika jenasi, spishi na kazi unayokusudia. Makubaliano sanifu yanaruhusu utafiti, uzalishaji wa aina mpya na mafunzo kwa ajili ya chakula na kilimo. Dawa na viwanda vya kemikali havimo. Huwezi kujimilikisha mbegu kama ulivyoipokea. Ukitoa aina mpya ukaiuza huku ukiwazuia wengine kuitumia kwa utafiti na uzalishaji, unalipa asilimia 1.1 ya mauzo, ikipunguzwa kwa asilimia 30, kwenye mfuko wa pamoja.

Mbegu inayovuka mpaka inahitaji cheti cha afya ya mimea. Pingili za muhogo, tafadhali, usiwape makondakta wa basi hata kama ni za kwenda Handeni tu: batobato na michirizi ya kahawia husafiri nazo, na shina linaweza kuonekana zima kabisa siku unapolipakia.