Bei ya kufufua injini ya gari la zamani hutoka kwenye vipimo

Land Rover za miaka ya sabini, Peugeot 504 na Volkswagen Beetle bado zinatembea Mbeya, Iringa na Njombe, na wenye magari hayo wanaofika kwenye karakana yetu ya mafunzo hapa Mbeya huja na swali moja: fundi ametaja kiasi fulani cha kufanya ovahoo, yaani kuifungua injini na kuijenga upya, je, bei hiyo ni ya haki? Mimi nami huwauliza: injini imeshafunguliwa na kupimwa? Kama bado, bei hiyo haiwezi kuitwa ya haki wala ya dhuluma, kwa sababu haijulikani inalipia kazi gani.

Injini ikiwa imefungwa, hakuna fundi, hata awe bingwa, anayejua kama silinda zinahitaji kuchongwa au kama krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, bado iko sawa. Akilazimishwa kutaja bei ya jumla, ataiweka juu ili ajilinde, au ataiweka chini ili asikupoteze, kisha nyongeza zitafuata wakati injini imeshatawanywa mezani na huna pa kuipeleka. Gawanyeni mapatano mara mbili. Kwanza kubalianeni bei ya kushusha injini, kuifungua, kuisafisha na kuipima. Vipimo vikishaandikwa kwenye karatasi, ndipo mpatane bei ya kuijenga upya. Ukiona ya pili imekushinda, unalipa ya kwanza na kuondoka na injini yako pamoja na vipimo vyake.

Lakini hata kabla ya kuishusha, hakikisheni imechoka kweli. Hapa nyanda za juu watu wengi hupotezwa na geji ya kampresheni, inayopima mgandamizo ndani ya silinda. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi, mgandamizo wake ukiwa chini ya ule wa Dar es Salaam kwa takriban asilimia 18. Silinda inavuta hewa hiyo hiyo nyepesi, kwa hiyo geji lazima isome chini. Kitabu cha gari kikisema pauni 160 kwa inchi ya mraba, injini nzima kabisa inaweza kusoma karibu 130 hapa, na chini zaidi ukiwa Njombe. Fundi asiyelizingatia hilo atakuambia kwa nia njema kabisa kwamba kampresheni imekufa. Cha kutazama ni tofauti kati ya silinda na silinda. Tatu zikisoma 130 na ya nne 90, mwaga kijiko cha oili kwenye ile dhaifu upime tena. Ikipanda sana, ringi za pistoni au silinda yenyewe imelika. Isipopanda, shida inaelekea kuwa kwenye valvu au gasketi ya hedi, kifuniko cha juu cha injini, na hedi peke yake hutengenezwa bila kugusa pistoni.

Moshi nao usomwe vizuri. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi mara nyingi ni petroli iliyozidi, na kabureta iliyotegwa pwani itazidisha petroli ikipandishwa huku. Jeti ndogo zaidi, vile vitundu vinavyopitisha petroli kwenye kabureta, zinaweza kuwa tiba yote.

Sasa tuseme injini imefunguliwa. Kila silinda ipimwe juu, katikati na chini, na kila mahali pande mbili zinazokatana. Kwa silinda nne hivyo ni vipimo 24, na ninapenda kuviona vyote vimeandikwa. Land Rover ya lita 2.25 ya petroli ilitoka kiwandani na silinda za milimita 90.47. Silinda za injini kama hiyo zikiwa zimelika hadi robo milimita, kubadilisha ringi peke yake ni kutupa fedha: zichongwe na ziwekewe pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kuliko za mwanzo. Zikiwa zimeshafika ovasaizi 40, yaani inchi 0.040, panga bajeti ya slivu, bomba jipya linaloingizwa ndani ya silinda.

Karakana za kuchonga hutoza kwa silinda na kwa shingo ya krenki, ile sehemu inayozunguka ndani ya beringi, hivyo ujue injini yako inazo ngapi. Krenki ya Land Rover hiyo ilishikwa na beringi kuu (za meni) tatu hadi 1980, kisha zikawa tano. Pamoja na shingo nne za konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krenki, ya zamani ina shingo 7 na ya baadaye 9. Peugeot 504 ya petroli haichongwi silinda kabisa: slivu zake zinazozungukwa na maji huchomolewa, zikaingizwa mpya pamoja na pistoni zake. Beetle nayo silinda zake nne hufungwa mojamoja na hubadilishwa. Ukiona gharama ya kuchonga silinda kwenye hesabu ya magari hayo mawili, omba maelezo.

Kitu kimoja kinachostahili gharama ya ziada ni viti vya valvu za ekzosi. Petroli yenye risasi iliondolewa kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na ile risasi ndiyo iliyokuwa ikivilinda viti laini vya injini nyingi za zamani. Hedi ikiwa mezani tayari, weka viti vigumu.

Spea ndizo hubeba sehemu kubwa ya fedha, kwa kuwa nyingi huagizwa nje. Bei yake ihesabu usafiri na ushuru, zinunuliwe kwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na zile zilizotolewa urudishiwe zote. Usiagize pistoni wala beringi kabla ya vipimo. Bloku yenyewe, yaani mwili wa injini, itunze, maana namba ya injini iliyogongwa juu yake ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari.

Kwenye ufundi wenyewe, ninaomba wenye magari wasibane sana. Fundi anayepima uwazi wa kila beringi, akasafisha njia za oili moja moja na kukaza boliti kwa spana ya kupimia nguvu, atatumia siku nyingi kuliko anayekimbiza kazi, na siku hizo zina thamani. Afadhali uahirishe rangi na viti vya ndani umlipe huyo ipasavyo.

Mapatano yataje pia kazi ya baada ya gari kuwaka: kumwaga oili ya kwanza na kubadilisha filta baada ya kilomita 800 hivi, kukaza tena boliti za hedi kama kitabu cha injini hiyo kinavyoelekeza, kurekebisha valvu, na kutega kabureta kwa hewa ya huku. Hadi hapo gari lisipandishwe mlima Kitonga na mzigo.